Itaendelea: jarida la Strand, Sani, na sisi wa Kyela

Kama umekulia Kyela unajua kwamba karibu kila kitu kilichotoka Dar es Salaam kilifika kwetu kimechelewa, na vingine vilifika vimepungua. Barabara inateremka kutoka Mbeya, inapita Tukuyu kwenye migomba na chai, inashuka mpaka kwenye joto la mashamba ya mpunga na kakao, halafu mbele yako ni ziwa. Magazeti yalipofika hapo yalikuwa yameshasomwa na kondakta, na utingo, na abiria wawili watatu. Nasi tuliyapokea hivyo hivyo, tukashukuru.

Mjomba wangu alikuwa baharia kwenye meli za Ziwa Nyasa. Miaka ya themanini meli ilikuwa ikitoka bandari ya Itungi, inashuka kusini: Lupingu, Manda, Liuli, mpaka Mbamba Bay, halafu inarudi. Mjomba alipenda hadithi kuliko chakula. Akipata gazeti la hadithi pale Kyela mjini, analipanda nalo melini. Siku kadhaa baadaye linarudi nyumbani kwa bibi bila jalada, limenuka usipa, na kurasa za mwisho hazipo. Zilibaki huko huko bandarini. Nani alizichukua, Mungu anajua.

Hadithi moja ya namna hiyo imenikaa kichwani hadi leo. Dereva wa teksi wa Dar es Salaam anampakia mwanamke usiku wa manane. Mwanamke hasemi neno. Dereva anatupa jicho kwenye kioo cha juu, kiti cha nyuma hakina mtu. Anafunga breki, anageuka, na hapo ukurasa umechanika. Gazeti lenyewe sikuwahi kulijua jina, maana jalada lilishakwenda. Sisi watoto tulimlilia mjomba atueleze mwisho. Akatueleza, usiku ule ule, tukiwa tumejikunyata karibu na jiko. Mwisho mzuri sana. Nitaurudia mbele ya safari.

Naandika haya kwa sababu mwaka juzi niliingia kwenye shimo ambalo wapenzi wa vitabu wanalijua. Nilianza kusoma upya hadithi za Sherlock Holmes, nikataka kujua zilitoka wapi. Kumbe hazikuzaliwa kwenye vitabu. Zilizaliwa kwenye jarida la mwezi, lenye picha, la bei poa, lililouzwa kwenye stesheni za treni. Jarida hilo liliitwa The Strand Magazine. Kadiri nilivyozidi kusoma historia yake ndivyo nilivyozidi kuliona gazeti la mjomba.

Mwenye jarida aliitwa George Newnes. Hakuwa mwandishi, alikuwa mfanyabiashara. Mwaka 1881, akiwa Manchester, alianzisha gazeti liitwalo Tit-Bits lililojaa vijihabari vifupi vifupi, vichekesho na mambo ya ajabu. Inasimuliwa kwamba alipokosa mtu wa kumkopesha mtaji alifungua kwanza mgahawa wa vyakula visivyo na nyama, akapata fedha humo, ndipo akachapisha gazeti. Nikikumbuka mama lishe wangapi wa Kyela wamesomesha watoto kwa sufuria moja la wali, sishangai hata kidogo.

Newnes aliona kitu ambacho mabwana wakubwa wa vitabu hawakukiona. Uingereza ilipitisha sheria ya elimu ya msingi mwaka 1870. Miaka ishirini baadaye kulikuwa na kizazi kizima cha makarani, wauza maduka, mafundi na wanawake wa nyumbani waliojua kusoma, waliopanda treni asubuhi na jioni, na ambao hawakuwa na hela ya majarida mazito ya wasomi. Mengi ya majarida hayo yaliuzwa shilingi moja. Newnes akatoa Strand, toleo la kwanza Januari 1891, kwa nusu ya bei hiyo: peni sita. Kurasa zaidi ya mia moja, na nia yake ilikuwa kwamba msomaji asifungue jarida mahali popote asione picha. Toleo la kwanza liliuza nakala zipatazo 300,000. Baadaye likafika karibu nusu milioni.

Sasa fikiria na sisi. Mwaka 1974, kwenye Azimio la Musoma, Tanzania iliamua kwamba kila mtoto ataingia shule ya msingi, na kufikia 1977 mpango huo wa UPE ulikuwa umejaza madarasa nchi nzima, hadi chini ya miembe. Watu wazima nao walikuwa wakifundishwa jioni. Miaka michache baadaye una taifa lenye mamilioni ya watu wanaojua kusoma Kiswahili lakini hawana cha kusoma zaidi ya gazeti la chama, vitabu vya shule na Biblia au Kurani. Njaa hiyo lazima mtu aione. Miaka ya themanini walioiona vizuri kuliko wote walikuwa Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Wakachukua herufi za mwanzo za majina yao, Sa na Ni, wakaita gazeti lao Sani.

Kwa hiyo nikisema Strand na Sani ni ndugu, sina maana kwamba mmoja alimuiga mwenzake. Nasema wote wawili walizaliwa na mama mmoja: shule. Mtu akishafundishwa kusoma, hasomi tu yale uliyotaka asome. Atatafuta kicheko, atatafuta maiti, atatafuta mapenzi. Na atataka picha.

Kuna jambo jingine la mwaka huo wa 1891. Wakati wasomaji wa London wanapanga foleni kununua toleo jipya, huku kwetu kaskazini mwa Ziwa Nyasa ndiyo kwanza wamisionari wa Kijerumani, Wamoravian na wale wa Berlin, wanapandisha mizigo yao kutoka ziwani kwenda kwenye miinuko ya Rungwe. Mwaka ule ule! Babu zetu walikuwa na hadithi, tena nyingi, lakini walikuwa hawajaiona hata herufi moja ya Kinyakyusa kwenye karatasi. Kwa hiyo kati ya Strand na bibi yangu hakuna umbali wa kilometa tu. Hata hivyo ndani ya karne moja mjukuu wa watu wale alikuwa amekaa kwenye gunia la mpunga anabishana na mwenzake juu ya hadithi ya kwenye gazeti. Huwa natafakari hilo na kuona ni mbio kubwa kuliko tunavyojisifia.

Turudi London. Mhariri wa Strand aliitwa Herbert Greenhough Smith, na alikaa kwenye kiti hicho tangu 1891 hadi 1930. Mwaka ule wa kwanza alipokea hadithi kutoka kwa daktari wa macho ambaye hakuwa na wagonjwa. Daktari huyo, Arthur Conan Doyle, alikuwa ameshatoa riwaya mbili zenye mpelelezi Sherlock Holmes na hazikutikisa nchi. Lakini kwenye majarida aliona tatizo. Riwaya ya kuendelea, ile ya sura moja kila mwezi, ina adha yake: msomaji akikosa toleo moja tu, amepotea, na akishapotea hanunui tena. Dawa yake ikawa hii: mhusika abaki yule yule kila mwezi, lakini kila hadithi ianze na kuisha ndani ya toleo moja. Ukikosa mwezi wa Agosti, Septemba unamkuta Holmes yuko pale pale kwenye kiti chake, na hujapoteza kitu. Hadithi fupi ya kwanza ya namna hiyo ilitoka Julai 1891. Baada ya hapo Holmes akawa mali ya kila mtu.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Hilo tatizo la kukosa toleo, jamani, ndilo lilikuwa maisha yetu! Wao walikosa toleo kwa sababu walisahau kununua. Sisi tulikosa kwa sababu mvua imekata barabara, au basi limeharibika, au karatasi hakuna nchini. Tukumbuke miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kugombea. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kule Mufindi kilianza kazi 1985, na kabla ya hapo kila rimu ya karatasi ilikuwa inasubiri fedha za kigeni. Gazeti la hadithi lilitoka lilipoweza. Kwetu Kyela lilifika lilipoweza zaidi.

Na sasa jiulize: katika magazeti yale yote, nini kimebaki kichwani mwako? Mimi nimewauliza wengi, wa Kyela na wa kwingine. Hakuna anayeweza kunisimulia hadithi ndefu ya kuendelea tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini taja tu jina la Madenge, uone mtu mzima mwenye mvi anavyotabasamu. Taja Ndumilakuwili, ambaye jina lake peke yake ni hadithi, mtu wa kuuma huku na kupuliza kule. Taja Lodilofa, bwana mkubwa na lofa ndani ya suruali moja. Taja Kipepe, taja Pimbi. Hawa hawakuhitaji toleo lililopita. Ukiwafungua popote, unawaelewa; kisa kinaanza juu ya ukurasa na kuisha chini. Hata ukurasa uliochanika ukaletwa umefungia karanga ulikuwa umekamilika.

Ndiyo maana nadhani barabara zetu zilisaidia kuchagua nani akumbukwe. Tunapenda kusema kazi nzuri hudumu na mbaya husahaulika. Si kweli sana. Pengine kulikuwa na riwaya nzuri mno kwenye magazeti yale, za kuendelea miezi kumi, na zimekufa kwa sababu toleo la nne halikuvuka Tukuyu.

Picha nazo zilifanya kazi yake. Kofia maarufu ya Sherlock Holmes, ile yenye masikio, iliingia kwenye vichwa vya watu kupitia kalamu ya mchoraji wa Strand, Sidney Paget. Inasemekana kazi ile alikusudiwa ndugu yake, Walter, naye mchoraji, lakini barua ikamfikia Sidney. Doyle aliandika maneno. Paget akampa Holmes uso, urefu na kofia. Leo hata mtu ambaye hajasoma mstari mmoja wa Doyle ukimchorea kofia na kiko anajua ni nani.

Bibi yangu hakujua kusoma. Kiswahili chenyewe alikisikia zaidi kuliko kukisema. Nyumbani ilikuwa Kinyakyusa. Lakini Sani alikuwa analo lake. Alikuwa analichukua, analiweka mbali na macho, anafuata picha moja moja kwa kidole. Akifika kwa Madenge anacheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya kitenge, halafu anatugeukia: "Huyu mtoto hana adabu. Mama yake yuko wapi?" Tukimsomea maneno yaliyoandikwa, wakati mwingine alikuwa anatubishia kwamba hadithi haikuwa hiyo. Alikuwa na yake, aliyoisoma kwenye nyuso. Mchoraji aliyefanya kazi kubwa kwenye wahusika wale ni Philip Ndunguru, kijana ambaye kalamu yake ilijua jinsi Mtanzania anavyosimama akiwa ana njaa, na jinsi anavyosimama akiwa ametoka kukopa. Alifariki 1986, bado kijana.

Hapa ndipo hadithi ya Strand na yetu zinapopishana njia. Desemba 1893 Conan Doyle, aliyekwisha kumchoka Holmes, alimuua. Alimtumbukiza kwenye maporomoko ya maji ya Reichenbach, Uswisi, akashusha pumzi. Wasomaji walikasirika, na inasimuliwa kwamba zaidi ya 20,000 waliacha kununua Strand. Karibu miaka minane baadaye, Agosti 1901, alianza kuichapisha riwaya ya yule mbwa wa akina Baskerville, akisingizia kwamba ni kisa cha kabla ya kifo, na mauzo yakapanda. Mwaka 1903 akasalimu amri kabisa, akamfufua. Kule mhusika alikufa, mwandishi akiwa hai. Kwetu alikufa mchoraji, wahusika wakabaki hai. Mikono mingine ikaichukua kalamu, Madenge akaendelea na utundu, Ndumilakuwili akaendelea kuuma na kupuliza. Wasomaji wa huku bara wengi hatukujua hata kwamba mkono umebadilika. Hatukuandika barua za hasira wala za pole, na hilo linaniuma kidogo. Tulimpenda Madenge bila kuuliza nani alimzaa.

Nisije nikaeleweka kana kwamba Sani liliota lenyewe kama uyoga. Lilikuwa na wazee wake. Mambo Leo, jarida la Idara ya Elimu ya Tanganyika, lilianza Januari 1923, na kwa miaka mingi ndilo lililowazoesha wasomaji wa Kiswahili kungojea toleo lijalo. Humo mlikuwa na habari, mashairi, barua, picha na hadithi. Shaaban Robert alichapisha mashairi yake humo kabla hajawa jina kubwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 Frederick Johnson alikuwa anatia vitabu vya Kiingereza kwenye Kiswahili, vikiwemo Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Ukitazama vizuri, nacho Kisiwa chenye Hazina kilianzia kwenye gazeti. Robert Louis Stevenson alikitoa kwa vipande kwenye jarida la vijana, Young Folks, kati ya Oktoba 1881 na Januari 1882, kwa jina la kubuni, Kapteni George North. Kwa hiyo hadithi za magazeti za zama za Malkia Victoria zilitufikia zamani. Tulizipokea tu zikiwa zimeshavaa jalada gumu, tukadhani zimezaliwa vitabu.

Mwaka 1960 kikatoka Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi. Bwana Msa na kiko chake ni jamaa wa karibu wa yule bwana wa Strand, ila Bwana Msa anapeleleza kwenye majumba ya Unguja, kati ya mali, urithi na uchawi wa kusingiziwa. Huku bara, Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Yeye ndiye baadaye aliyekuwa nyuma ya Film Tanzania, lile gazeti la hadithi za picha za kupigwa, ambalo lilitamba miaka ya sabini. Humo hakuna mchoro. Watu wanavaa, wanaigiza, wanapigwa picha moja moja, na maneno yanawekwa juu yake. Kabla yake vijana walishakuwa wanagombania Lance Spearman, mpelelezi Mwafrika mwenye kofia na sigara, kwenye jarida la African Film lililosambazwa na Drum. Sani lilipokuja lilikuta udongo umeshalimwa.

Kwa nini basi Strand liko hai na ya kwetu yamekufa? Usiniambie habari za utajiri peke yake. Strand nalo lilikufa. Vita vya pili vya dunia vilileta uhaba wa karatasi, likapunguzwa umbo mwaka 1941, na toleo la mwisho likatoka Machi 1950. Lakini tangu mwanzo Newnes alikuwa amefanya jambo moja dogo la kibiashara. Kila miezi sita matoleo yalikusanywa, yakajalidiwa pamoja, yakauzwa kama kitabu kinene cha kuweka kabatini. Januari hadi Juni juzuu moja, Julai hadi Desemba juzuu nyingine. Alitaka kuuza kitu kile kile mara mbili, basi. Lakini kwa tamaa hiyo ya kuuza mara mbili aliliokoa jarida. Juzuu zile zikaingia maktaba, zikaingia nyumba za watu, na leo mimi niliyekaa Kyela nimefungua kwenye simu yangu ukurasa wa Julai 1891, na picha zake, bure kabisa.

Hebu nijaribu kufungua ukurasa wa Sani la 1985. Nimejaribu. Nimepata majalada mawili matatu ambayo mtu kayapiga picha kwa mapenzi yake. Nimewapata watu wengi wanaokumbuka. Nakala zenyewe, hapana.

Za kwetu najua zilikokwenda, maana nilikuwepo. Bibi alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, na mjomba alikuwa anatupia humo kila gazeti lililorudi na meli. Kwanza sanduku lilianza kupungua kutoka juu. Jirani alikuwa anauza maandazi, na karatasi ya kufungia ilikuwa shida. Akija asubuhi na sahani ya maandazi ya bure, bibi alikuwa hamnyimi kurasa. Nimewahi kununua andazi njiani nikakuta Lodilofa amelowa mafuta ananitazama. Nikamla na kumsoma. Halafu kikaja kipindi cha mvua kubwa. Wa Kyela wanajua mwezi wa nne na wa tano mito ikishuka kutoka milimani inavyokuwa: Kiwira, Mbaka, Lufilyo, kila mmoja anatafuta njia ya kwenda ziwani, na njia yenyewe inaweza kuwa sebule yako. Maji yaliingia usiku. Tulitoa watoto, tukatoa mpunga, tukatoa kuku. Sanduku hakuna aliyelikumbuka. Siku ya tatu bibi alilifungua, na ndani mlikuwa na kitu kama uji wa kijivu. Nyuso zote zilikuwa zimeyeyukiana. Aliutupa shambani kwenye kakao, akasema utarutubisha. Hatukulia. Nani analia gazeti lililokwisha kusomwa?

Sasa ndiyo nalia, nimechelewa. Kilichoyeyuka kwenye sanduku lile kilikuwa ushahidi wa namna Watanzania wa kawaida walivyocheka, walivyoogopa na walivyotongozana kwa Kiswahili kwa miaka kumi. Wataalamu watatuandikia historia ya fasihi ya Kiswahili kwa kufuata vitabu vilivyobaki, na vilivyobaki vingi ni vile vilivyowekwa kwenye mitaala ya shule. Mtu wa miaka hamsini ijayo atadhani tulikuwa tunasoma mafunzo tu. Hatajua kwamba baharia wa Itungi alisahau zamu yake kwa sababu ya dereva wa teksi na mwanamke asiyeonekana kwenye kioo.

Na mchezo ni ule ule leo. Baada ya miaka ya tisini hadithi za kuendelea zilihamia kwenye magazeti ya udaku ya wiki, akina Eric Shigongo wakatupeleka mbio. Sasa ziko kwenye simu. Binti yangu anafuata hadithi Facebook, sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote bure. Ikifika patamu mwandishi anaandika namba ya simu: tuma hela upate mwisho kwa WhatsApp. Newnes angempa mkono huyo mwandishi. Lakini nilipomuuliza binti yangu kama anaweza kunitafutia ile aliyoisoma mwaka jana, iliyomfanya asile chakula cha jioni, aliniambia, "Baba, simu ile si ilitumbukia ziwani kule Matema?" Nikanyamaza. Sanduku la bibi lingine hilo.

Mjomba sasa ni mzee, ameacha meli, anaishi kwenye mashamba yake jirani na Ipinda. Nilikwenda kumwona mwezi wa pili. Tulipomaliza kusalimiana na kula, nikamuuliza juu ya dereva wa teksi. Nikamkumbusha mwisho aliotupa: dereva anageuka, anakuta kwenye kiti cha nyuma kitenge cha mama yake mwenyewe, aliyefariki kijijini usiku ule ule, amekuja kumuaga. Tulilia sana wakati ule.

Mjomba akacheka mpaka akakohoa.

"Mpwa wangu, mimi mwisho ule sikuwahi kuuona. Ukurasa ulichanwa kabla gazeti halijanifikia."

"Sasa ule wa kitenge?"

"Mlikuwa mnalia. Ningefanyaje? Na pale Liuli niliwapa mwingine kabisa. Pale dereva alikuwa ndiye mchawi."

Kwa hiyo yapo matoleo matatu ya hadithi ile: wa Kyela tuna wetu, wa Liuli wana wao, na upo ule wa mwandishi, ambaye alikaa Dar es Salaam akautoa jasho na labda akalipwa kidogo, na ambao hakuna mtu kando ya ziwa hili aliyeusoma. Namshukuru mjomba kwa kitenge kile. Lakini natamani pia kumjua mwandishi yule. Alikuwa na haki ya mwisho wake.

Basi, msomaji wangu, nina ombi. Kama kwenu kuna sanduku, kabati, au gunia juu ya dari, fungua kabla ya masika. Ukikuta Sani, Film Tanzania, Mambo Leo, au gazeti lolote la hadithi hata lisilo na jalada, usiligawe kwa muuza maandazi. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa, andika mwaka kama unaonekana, andika ulilipata wapi. Mimi nimefanikiwa kupata nakala tatu za Sani kutoka kwa fundi viatu wa Mbeya, ambaye alikuwa anazitumia kujazia viatu visipoteze umbo. Nimeziweka kwenye mfuko wa nailoni, nikazifunga kwenye kenchi la paa, juu ya alama ambayo maji yalifika mwaka ule. Moja kati ya hizo haina kurasa nne za mwisho. Kama unazo wewe, tuwasiliane.